Craftsman, Powr-Kraft au Penncraft: zana kuukuu za Marekani, ubebe ipi?

Mjomba wangu ni fundi wa matrekta Kilosa. Miaka miwili iliyopita alinipigia simu huku Ohio, kwake ikiwa jioni, mimi hata chai sijanywa.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mjomba. Huko kwenu spana za inchi bado zipo?"

Nikamwambia zipo, zimejaa kwenye ndoo za watu.

"Basi nitafutie. Za dukani huku ukikaza nati mara tatu, mdomo umeshapanuka."

Aliyewahi kufungua Massey Ferguson 135 anaijua shida hiyo. Trekta lile limefungwa kwa boliti za inchi, na vijijini kwetu bado linalima. Spana zinazouzwa karibu zote ni za milimita, kwa sababu Toyota ndiyo inayotawala gereji. Sasa chukua nati ya 9/16. Kwa milimita ni 14.29. Spana ya 14 haiingii, ya 15 inaingia lakini inacheza, na ikicheza inalamba kona za nati mpaka inakuwa duara. Nati ya 11/16 ni hivyo hivyo: 17 haiingii, 18 inacheza. Ya 3/4 ndiyo yenye huruma, maana ni milimita 19.05 na spana ya 19 kwa kawaida inaishika vizuri. Kwa hiyo mjomba hakuwa anaomba anasa. Alihitaji chuma kinacholingana na nati zake.

Jumamosi iliyofuata nikaenda kwenye mauzo ya garaji, nikakuta ndoo tatu za spana. Nyingine zimeandikwa Craftsman, nyingine Powr-Kraft, nyingine Penncraft, chache Dunlap, zote "USA". Nikanunua kila kitu bila kuchagua. Nilipofika nyumbani na kuzipanga mezani nikagundua nina 1/2 sita, sina 11/16 hata moja, na tatu kati ya hizo zimefunuka mdomo kuliko zile alizonilalamikia mjomba. Tangu siku hiyo nimekuwa nikizisoma hizi zana kama mtu anavyosoma shanga za mnadani, na haya ndiyo ninayomweleza kila Mswahili wa huku anayetaka kujaza pipa la kwenda nyumbani.

Jina ni la duka

Craftsman haikuwa kiwanda. Powr-Kraft haikuwa kiwanda. Penncraft haikuwa kiwanda. Yote matatu ni majina ya maduka makubwa yaliyokuwa yakiuza kila kitu, kuanzia soksi hadi jokofu. Craftsman ni ya Sears. Powr-Kraft ni ya Montgomery Ward. Penncraft ni ya J.C. Penney. Ni kama duka linalopaki mchele wa Kyela kwenye mfuko wenye jina lake: aliyelima ni mwingine, na mwakani duka likipata mkulima wa bei nafuu, mfuko utabaki ule ule.

Ward ndiye mkongwe wao. Aaron Montgomery Ward alianza kuuza kwa posta kutoka Chicago mwaka 1872, katalogi yake ya kwanza ikiwa karatasi moja tu, na kufikia 1875 alikuwa akiwaahidi wakulima kwamba mteja asiporidhika anarudishiwa pesa. Sears akaja baadaye na kumpita. Mwaka 1927 Sears ilinunua jina Craftsman kutoka kampuni ndogo ya zana kwa dola 500. Ukizingatia kwamba mwaka 2017 Stanley Black & Decker ililinunua jina hilo hilo kwa mapatano ya takribani dola milioni 900, dola 500 zile zilikuwa na baraka. Penney alifungua duka lake la kwanza Kemmerer, Wyoming, mwaka 1902, la nguo, na zana zilikuja baadaye sana. Kisha mwaka 1983 kampuni hiyo ikaacha biashara ya vyombo vya umeme, vifaa na magari, ikarudi kwenye nguo. Penncraft ikaishia hapo.

Habari hizo zinagusa mfuko wako moja kwa moja. Craftsman iliuzwa miongo na miongo, ikatengenezwa kwa mamilioni. Penncraft iliishi muda mfupi. Powr-Kraft ipo katikati. Ukikosa spana moja kwenye seti ya Craftsman, utaipata wikendi ijayo. Ukikosa soketi moja ya Penncraft yenye mchoro ule ule, unaweza kuitafuta mwaka mzima. Kwangu mimi hiyo ndiyo tofauti kubwa kuliko zote kati ya majina haya matatu, kubwa kuliko ubora wa chuma chenyewe. Watu wanabishana usiku kucha ni ipi ngumu zaidi, wakati zote tatu, za miaka mizuri, zilifuliwa kwa chuma aloi kizuri na zikapakwa kromu na viwanda vilivyojua kazi.

Spana: hapa usikimbilie

Kwenye spana ninaanza na Craftsman, sababu ni herufi ndogo. Geuza spana, tafuta karibu na jina. Utakuta V, au V katikati ya mistari miwili kama alama ya sawasawa, =V=. Herufi hizo zinaonyesha nani aliyeifua. Familia hiyo ya V inakurudisha kwa Moore Drop Forging wa Springfield, Massachusetts, kiwanda kilichowafulia Sears spana kwa miaka mingi na baadaye kikaingia mikononi mwa Easco. Ukiona na maneno "FORGED IN U.S.A." yamekaa safi, na shingo ya spana imeinuka pande zote huku katikati pameandikwa jina kwa herufi za kuinuka, umeshika kitu cha kazi. Mjomba anaziita "zile zenye maandishi ya kuguswa na kidole". Ni maelezo mazuri kuliko yangu, maana gizani chini ya trekta unazitambua kwa kidole gumba.

Powr-Kraft kwa upande wa spana hainipi herufi ya kunisaidia mara nyingi. Nalazimika kuisoma kwa mkono: uzito, unene wa ringi (ule upande wa duara), usafi wa mdomo. Nilizopata za zamani zimekuwa nene kidogo kuliko Craftsman, na hapo kuna faida na hasara. Unene unakupa ujasiri wa kuvuta. Lakini ringi nene haipenyi kwenye boliti iliyojibana karibu na ukuta wa injini. Kwa fundi wa jembe, tela na mashine ya kusaga, Powr-Kraft inatosha kabisa. Kwa anayeingia kwenye pampu ya dizeli, hapana, chukua yenye ringi nyembamba.

Penncraft inanivutia kwa macho. Kromu yake nyingi nilizokutana nazo bado inang'aa, pengine kwa sababu mteja wa Penney alikuwa baba wa nyumbani aliyekaza baiskeli ya mtoto mara mbili kwa mwaka, si fundi wa kutwa nzima. Kwa hiyo spana ya Penncraft ya miaka ya 1970 inaweza kuwa haijachoka kama Craftsman ya umri ule ule. Nimewahi kununua pakiti yake ikiwa bado kwenye mfuko wa plastiki, haijawahi kuonja nati. Ila nirudie: ukizipoteza, kuzijaza ni kazi.

Majina mengine ya Sears yasikuchanganye. Dunlap ilikuwa daraja la chini la Sears, na jina lake limetokana na Tom Dunlap, mkuu wa idara ya vifaa aliyesukuma Craftsman ipakwe kromu na kuboreshwa wakati Wamarekani wanahamia kwenye magari. Ndiyo, mtu aliyeipandisha Craftsman ndiye jina lake likawekwa kwenye zana za bei ya chini. Spana ya Dunlap si mbaya, ila haikusuguliwa wala kumaliziwa kwa uangalifu ule, na Dunlap nyingine zina mhuri wa Ujerumani. Companion nayo ni ya Sears, ya bei ya chini. Nikikuta Dunlap au Companion naichukua ikiwa ni saizi ninayoikosa tu, na kwa bei ya chini ya Craftsman.

Jambo la milimita. Zana nyingi za maduka haya ni za inchi, kwa sababu magari ya Marekani yalifungwa kwa inchi mpaka viwanda vilipoanza kuhamia milimita miaka ya 1970 na 1980. Seti kuukuu ya Craftsman ya milimita ipo, lakini ni adimu na bei yake iko juu. Kama gereji yako nyumbani ni ya Hiace na Noah, usijibebeshe ndoo ya inchi eti kwa sababu imeandikwa USA. Utabeba chuma kizuri kisichoingia popote. Anayefaa kubebewa za inchi ni fundi wa Massey Ferguson, wa Land Rover za zamani zenye boliti za inchi, wa greda na buldoza kuukuu za Caterpillar, au wa jenereta za Kimarekani.

Soketi na racheti

Kwenye racheti, ule mpini wa kuzungushia soketi, Craftsman inashinda, na ushindi wake una hadithi ninayopenda kuisimulia, ingawa haiisifu Sears.

Bonyeza kitufe kidogo mgongoni mwa racheti ya Craftsman. Soketi inadondoka yenyewe. Kabla ya hapo fundi mwenye mikono ya grisi alikuwa akiivuta soketi kwa nguvu zote au kuigonga. Kitufe kile kilibuniwa na kijana aitwaye Peter Roberts, karani wa duka la Sears lililoko Gardner, Massachusetts. Alipata hataza yake mwaka 1965. Sears wakamlipa senti mbili kwa kila racheti, kikomo dola 10,000, baada ya kumwonyesha kwamba kitu chake hakina thamani kubwa. Kumbe tayari walikuwa wakijua kitauzwa kwa mamilioni. Roberts akaenda mahakamani mwaka 1969. Mwaka 1977 wazee wa baraza wakamwamulia dola milioni 1, kesi ikaendelea kusuasua, ikamalizika kwa suluhu mwaka 1989. Miaka ishirini ya kesi kwa ajili ya kitufe. Kila ninapoibonyeza namkumbuka yule kijana, na natamani kila fundi anayeishika ajue jina lake.

Kwa ulinganisho wetu, kitufe kinakusaidia pia kujua umri. Racheti ya Craftsman isiyo nacho inawezekana ni ya kabla ya katikati ya miaka ya 1960. Ni ya kumbukumbu nzuri, ila kwa kazi ya kila siku chukua yenye kitufe.

Kisha hesabu meno. Huhitaji kuifungua: zungusha taratibu ukisikiliza vidoko mpaka mzunguko mzima uishe. Racheti ya meno 24 inahitaji mkono usogee nyuzi 15 ndipo ishike jino linalofuata. Ya meno 36 inahitaji nyuzi 10. Chini ya bodi la trekta, ambapo mkono una nafasi ya kusogea kama unavyosogeza kijiko, nyuzi 5 zile zinaamua kama utaifungua nati au utalala chali ukilaani. Powr-Kraft na Penncraft nilizoshika nyingi ni za meno mapana kuliko Craftsman za baada ya kitufe. Meno mapana lakini yana sifa yake: kila jino ni nene, na racheti ya namna hiyo ya inchi 1/2 inavumilia kuvutwa na bomba lililochomekwa kwenye mpini. Sisemi ufanye hivyo. Nasema najua mafundi wetu watafanya hivyo.

Racheti ikiruka meno, usiitupe wala usikimbilie kuirudisha dukani. Nyingi zimejaa grisi iliyoganda tu. Fungua skrubu za kifuniko, osha kwa mafuta ya taa, kausha, tia mafuta mepesi, funga. Nimefufua saba namna hiyo.

Soketi zenyewe: chagua za pembe 6 kuliko za pembe 12 kama kazi yako ni nati zenye kutu. Pembe 12 inaingia haraka, pembe 6 inashika upande mzima wa nati badala ya kona peke yake. Hapa jina la duka halina neno. Soketi ya Penncraft ya pembe 6 ni bora kuliko Craftsman ya pembe 12 kwa nati ya jembe iliyokaa mvua tatu. Chungulia ndani ya kila soketi kwa mwanga: ufa unaanzia kwenye kona, mwembamba kama unywele.

Bisibisi, koleo na nyundo

Hapa napita haraka. Bisibisi za Craftsman zenye mpini wa plastiki angavu na maandishi mekundu au ya buluu ndizo nyingi. Zilizo na herufi WF zilitoka Western Forge, Colorado Springs, na ncha zao ni ngumu vya kutosha. Jambo la kuangalia ni harufu. Mipini ya plastiki ya zamani inaoza polepole, inatoa ungaunga mweupe na harufu ya maziwa yaliyoganda. Siyo uchafu wa mwenye nayo, ni plastiki yenyewe. Osha kwa sabuni na brashi, kisha uiache mahali penye hewa. Usiifungie ndani ya pipa kwa wiki nane baharini pamoja na nguo za watoto, utajuta kama nilivyojuta.

Koleo za WF nazo ni salama. Spana malaya ya Craftsman pia, mradi taya lake halitikisiki sana ukilishika kwa vidole. Lakini spana malaya si ya kujengea seti, nunua moja, basi.

Nyundo za Craftsman nyingi zilitengenezwa na Vaughan wa Illinois, na kichwa cha Vaughan ni kichwa cha Vaughan hata kikiwa na jina la duka. Kama mpini umepasuka usiogope, mpini mpya wa mninga utakaa vizuri kuliko ule wa kwanza. Kinachonifanya niache nyundo ni uso uliomeguka ukingoni, kwa sababu kipande cha chuma kigumu kikiruka kinakwenda jichoni.

Randa na misumeno: kwa maseremala

Kwenye useremala mambo yanageuka, na anayenunua kwa jina la duka anaweza kuumia.

Randa za chuma za Marekani zimefuata mfumo wa Stanley: namba 4 ni ya kulainisha, urefu wa inchi 9 hivi, namba 5 ni ya kuchongea mwanzo, inchi 14. Maduka yaliagiza randa zao kwa wale wale wafuaji wa New England, yaani Stanley wa New Britain, Sargent wa New Haven na Millers Falls wa mji wenye jina hilo hilo kule Massachusetts. Kwa hiyo randa ya Craftsman ya miaka ya 1940 inaweza kuwa ndugu wa damu wa Millers Falls namba 9, ambayo ni sawa na Stanley namba 4, na inauzwa nusu ya bei kwa sababu watoza vitu vya kale hawaitaki. Hiyo ni bahati ya seremala anayetaka kufanya kazi.

Lakini Craftsman ya miaka ya baadaye, yenye mpini wa plastiki na kalio la kushikilia kisu cha randa lililotengenezwa kwa bati lililokunjwa, ni mzigo. Inatetemeka, inatafuna mti badala ya kuuchonga. Jina ni moja, dhamana ni moja, randa ni mbili tofauti kabisa. Fungua kisu, kitoe, tazama pale kinapolala. Ukiona chuma kizito cha kumwaga kimesagwa kikawa bapa na kinagusa kote, chukua bila kujali kama imeandikwa Craftsman, Powr-Kraft au Dunlap. Ukiona bati, rudisha mezani. Kisha pitisha rula chini ya tumbo la randa ukitazama mwanga. Ikiwa na shimo dogo la kutu si neno. Ikiwa imepinda kama jahazi, iache.

Randa za Montgomery Ward, zile zilizoandikwa Lakeside au Wards Master, ndizo ninazozitafuta zaidi. Wauzaji wengi hawazijui majina hayo, wanaziweka kwenye sanduku la chini na vitasa vya milango. Nimelipa dola 8 kwa namba 5 ya Wards ambayo ingekuwa Stanley ya wakati ule ningeombwa mara nne yake. Kwenye randa basi, Ward anamshinda Sears, kwa bei tu.

Msumeno wa mkono wenye kidude cha shaba kilichoandikwa "Warranted Superior" usikudanganye wala usiudharau. Maneno hayo hayatoi jina la mtu, viwanda vingi viliyatumia, hata Disston wa Philadelphia kwa misumeno aliyowauzia wengine. Pinda bamba lake taratibu kisha uliachie. Likirudi na kunyooka, nunua. Meno yananolewa.

Kabla hujatoa pesa

Nilinunua seti kwa muuzaji mmoja wa mtandaoni iliyopigwa picha vizuri, imeandikwa ni ya zamani na ya Marekani. Ilipofika, nusu ilikuwa ya kweli, nusu ni za miaka ya karibuni, jina lile lile, nchi nyingine. Kuanzia takribani 2010 uzalishaji mwingi wa spana na soketi za Craftsman ulihamia Asia, na jina halikubadilika. Siku hizi naomba picha ya kila kipande upande wa mhuri wa nchi. Anayekataa, namwacha.

Chunguza mdomo wa spana kwa boliti, si kwa macho. Mimi hutembea na boliti nne mfukoni: 7/16, 1/2, 9/16 na 3/4. Spana ikicheza kwenye boliti mpya, imefunuka. Kromu ikiwa inabanduka kama ganda la yai, weka chini, maana vile vipande vinakata kama wembe.

Kuna spana za wakati wa Vita vya Pili zisizo na kromu kwa sababu kromu ilihitajika vitani. Nyingine ni nyeusi, nyingine zina rangi ya kijivu iliyofifia yenye umanjano. Hizo za kijivu zinaweza kuwa zimepakwa kadmiamu, nayo ni sumu. Zitumie, lakini usizisage kwa grinda, usizipashe moto, usiziloweke kwenye siki. Zenye kutu ya kawaida ndizo za kuloweka kwenye siki nyeupe usiku mmoja, kusugua kwa brashi, kuosha kwa sabuni, kukausha juani na kupaka mafuta.

Na usishangae ukikuta tarakimu tisa zimechorwa kwa kalamu ya umeme kwenye mpini. Miaka ya 1970 Wamarekani walihimizwa kuandika namba zao za hifadhi ya jamii kwenye mali zao ili wezi washindwe kuziuza. Aliyeandika mara nyingi ni marehemu, na watoto wake ndio wanaouza. Mimi huzifuta kwa tupa kabla ya kupiga picha yoyote. Ni heshima ndogo kwa mwenye spana.

Kuhusu dhamana: Sears ilijulikana kwa kumpa mteja zana mpya ikivunjika, bila maswali. Sears yenyewe iliomba ulinzi wa mufilisi mwaka 2018, na Craftsman mpya sasa zinauzwa kwenye maduka ya Lowe's na Ace. Ukipeleka spana kuukuu iliyovunjika wanaweza kukubadilishia, lakini utakayopewa ni ya leo. Kwa spana iliyokatika, sawa. Kwa racheti nzima iliyochakaa kidogo, usithubutu. Ward alifunga maduka yake mwaka 2001 na Penney aliacha zana, kwa hiyo huko hakuna wa kumrudishia. Na kwa aliye Kilosa au Kitale mjadala huu hauna maana, kwa sababu hakuna anayesafirisha spana moja kurudi Ohio. Anayenunulia nyumbani anunue zana isiyohitaji dhamana.

Kwa hiyo nilimpelekea nini mjomba

Spana: Craftsman za V na =V=, kuanzia 3/8 mpaka 1, kwa sababu akipoteza moja naijaza ndani ya mwezi. Soketi: nilichanganya, zote za pembe 6, nyingi Craftsman, mbili Penncraft. Racheti ya inchi 1/2 nilimpa mbili: Craftsman ya kitufe kwa sehemu zenye nafasi finyu, na Powr-Kraft ya meno mapana kwa nati za magurudumu, maana namjua. Bisibisi nilimnunulia mpya. Nilitia nyundo moja ya Vaughan bila mpini, na randa ya Wards kwa ajili ya jirani yake seremala, aliyekuwa ameagiza Stanley. Nilimweleza kwa simu kwamba hii ni sawasawa na Stanley, akanyamaza kidogo, akasema ataiona ikifika.

Vyote vilikaa chini ya pipa, vikiwa vimefungwa kwa magazeti yaliyolowa mafuta, juu yake nguo. Pipa linalipiwa kwa nafasi linayochukua, kwa hiyo chuma hakikuniongezea gharama ya meli, ila watu wawili ndio waliolinyanyua.

Lilipofika mjomba alinipigia tena. Hakuuliza Sears ni nani wala Ward ni nani.

"Mjomba, ile 9/16 imekaa. Haichezi hata kidogo." Kisha akaongeza, "Ila 15/16 umesahau."

Nimeshapata mbili, zote =V=. Moja ina ringi yenye ufa. Nyingine iko mfukoni mwa koti langu, inasubiri pipa lijae.